Njia tofauti, faili ileile

Tuchukulie kompyuta ya ofisi moja wilayani Ngara inayotunza taarifa za MTUHA, ule Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya ambao vituo vya afya nchini huujaza mwezi hadi mwezi. Saraka zake zimepangwa kama serikali ilivyoigawa nchi: mkoa, ndani ya mkoa wilaya, ndani ya wilaya kata. Ripoti ya kata ya Mabawe inakaa hapa:

/data/Kagera/Ngara/Mabawe/mtuha.csv

Mtu aliyekwisha kuingia kwenye saraka ya Ngara hana haja ya kuandika yote hayo. Anaandika Mabawe/mtuha.csv, basi. Na skripti iliyokuwa ikishughulika na wilaya jirani ya Biharamulo, kisha ikapanda ngazi moja na kushukia Ngara, inaweza kuandika hivi:

/data/Kagera/Biharamulo/../Ngara/Mabawe/mtuha.csv

Maandishi ni matatu, faili ni moja. Skripti inayojumlisha chanjo za mkoa mzima, ikiyachukulia maandishi hayo kuwa faili tatu, itawahesabu watoto wa Mabawe mara tatu, wala haitalalamika. Jedwali litatoka, asilimia zitatoka, na hakuna atakayeshtuka mpaka idadi ya waliochanjwa iizidi idadi ya waliozaliwa.

Jambo hili wataalamu huliita ulinganishi wa njia za faili. Njia ya faili ni maandishi yanayoielekeza kompyuta ipite saraka zipi, na kwa mpangilio gani, ili iifikie faili. Ulinganishi ni kuuliza kama njia mbili zinafika pamoja. Maelezo ni mafupi, lakini ndani ya swali hilo yamejificha maswali matatu, na programu nyingi huharibika kwa sababu mwandishi wake alijibu moja akidhani amejibu lingine.

Kwanza asili ya wazo na ya neno njia. Wazo la kupanga saraka ndani ya saraka lilitoka kwenye mfumo wa Multics katika miaka ya 1960, likachukuliwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotengeneza Unix katika maabara za Bell. Ndio waliotuzoesha kutenganisha saraka kwa alama ya mkwaju. Microsoft walipoingiza saraka katika MS-DOS 2.0 mwaka 1983, mkwaju ulikuwa tayari una kazi nyingine katika amri zao, wakachukua mkwaju wa kinyume. Kwa hiyo hadi leo Ngara\Mabawe na Ngara/Mabawe huweza kuwa kitu kimoja kwenye Windows, ilhali kwenye Linux ule mkwaju wa kinyume ni herufi ya kawaida tu ndani ya jina la faili.

Kwa Kiswahili msamiati wa mambo haya umepata sura hasa katika karne hii. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kazi za tafsiri zilizofuata za kampuni kubwa, zilitusukuma kuchagua: faili ikabaki faili, saraka na kabrasha zikagawana kazi na folda, na njia ikawa njia. Wapo wanaopendelea anwani. Siwaungi mkono. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti mwaka huo, Mtanzania anajua kwamba anwani hupewa nyumba ili iwe na moja yake, isichanganywe na ya jirani. Njia haina sharti hilo. Kwenda Mabawe unaweza kupita huku au kule, ukafika. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoumiza kichwa katika kompyuta, na neno njia linaisema wazi wakati anwani inaificha. Tena ni neno la wote: njia yetu na inzira ya Kirundi, lugha iliyo jirani sana na Kihangaza cha Ngara, ni ndugu wa shina moja la Kibantu.

Sasa maswali matatu.

La kwanza ni la maandishi: je, herufi zote ni zilezile, kwa mpangilio uleule? Hili ndilo linalojibiwa na alama mbili za usawa, ==, unapolinganisha mifuatano ya herufi katika Python, lugha ya skripti ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991 na ambayo sasa hutumiwa sana na watu wa takwimu. Swali hili lina manufaa yake, na Kagera inalihitaji. Ngara ina kata ya Kasulo. Mkoa wa Kigoma una wilaya ya Kasulu. Herufi moja tu inatenganisha sehemu mbili, na skripti inayojifanya ina huruma kwa makosa ya tahajia itapeleka ripoti za huku kule. Ugumu wa alama zile mbili za usawa hapo ni neema. Kuna pia Kabanga ya Ngara, mpakani na Burundi, na Kabanga ya Kasulu. Jina halitofautiani hata kwa nukta, njia ndiyo inayotofautisha: /data/Kagera/Ngara/Kabanga si /data/Kigoma/Kasulu/Kabanga. Anayelinganisha majina ya mwisho peke yake amekwisha potea.

Lakini maandishi yana hila. Mabawe na mabawe ni saraka mbili kwenye Linux. Kwenye Windows ni moja, maana Windows hulitunza jina kama ulivyoliandika lakini kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kompyuta za Mac, zikiachwa kama zilivyotoka dukani, nazo huwa hivyo. Python inajaribu kufuata mazingira: njia za aina ya Windows ndani ya moduli ya pathlib huhesabiwa sawa hata kama herufi kubwa na ndogo zimepishana, na za aina ya Unix hazihesabiwi. Mac inaangukia katikati. Diski yake haijali herufi kubwa, ila Python inaihesabu katika ukoo wa Unix, kwa hiyo inajibu kwamba njia ni mbili wakati diski ina faili moja.

Halafu kuna ritifaa yetu. Andika chanjo-ng'ombe.csv kwenye kihariri cha msimbo, kisha liandike jina hilohilo ndani ya Word na ulinakili. Word, kwa kupenda urembo, huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni jina moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, U+0027 na U+2019, na hata kanuni za Unicode za kusawazisha maandishi haziziunganishi, kwa sababu kanuni hizo hazizihesabu kuwa herufi moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Waingereza hupambana na hili mara mojamoja. Sisi tuna ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na majina ya watu na vijiji chungu nzima. Ushauri wangu ni kuiacha ritifaa nje ya majina ya faili. Ng'ombe hawatakasirika.

Swali la pili ni la mahali: je, njia hizi, zikishanyooshwa, zinaelekea pamoja? Natumia kunyoosha kwa makusudi, ingawa wengine husema kusawazisha. Njia iliyonyooshwa ni ile iliyoondolewa mikwaju iliyorudiwa, nukta moja inayomaanisha "hapahapa", na nukta mbili zinazomaanisha "panda ngazi moja". Kazi hiyo katika Python hufanywa na os.path.normpath. Ukiipa njia yetu ya Biharamulo itaifuta Biharamulo pamoja na nukta zake mbili, ibaki ile ya moja kwa moja. Kwa njia fupi, Mabawe/mtuha.csv, hiyo haitoshi: kwanza igeuzwe kuwa njia kamili inayoanzia kwenye mzizi, na os.path.abspath hufanya yote mawili kwa kuangalia skripti imesimama saraka gani wakati huo.

Moduli ya pathlib, iliyokuja na Python 3.4 mwaka 2014, hunyoosha kwa tahadhari zaidi. Inafuta mikwaju ya ziada na nukta moja, lakini nukta mbili inaziacha palepale. Wanaoanza hudhani ni kasoro. Si kasoro, na Chato inaonyesha sababu.

Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo, mkoani Kagera, ikamegwa kuwa wilaya, na mwaka 2012 mkoa wa Geita ulipoundwa ikahamia huko. Mtunza kumbukumbu mwenye busara hatazivunja skripti zote za zamani. Atahamishia faili kwenye /data/Geita/Chato na kuacha kiungo pale pa zamani, /data/Kagera/Chato, kinachompeleka mwombaji kwenye makazi mapya. Sasa soma njia hii: /data/Kagera/Chato/../jumla.csv. Anayenyoosha kwa kuangalia maandishi peke yake atafuta Chato na nukta mbili, apate jumla ya Kagera. Linux haifanyi hivyo. Inaingia Chato, inafuata kiungo mpaka Geita, ndipo inapanda ngazi moja, nayo inafungua jumla ya Geita. Mikoa miwili kwa njia moja! Normpath inakisia kwamba hakuna kiungo njiani. Pathlib inakataa kukisia. Anayetaka uhakika atumie os.path.realpath, au resolve ya pathlib, ambazo huenda kwenye diski na kufuata kila kiungo mpaka mwisho. Hiyo tuiite njia halisi, tuitenge na njia iliyonyooshwa, kwa kuwa hii ya pili ni hesabu ya maandishi na ile ya kwanza ni safari yenyewe.

Mtego mwingine wa swali hili hutokea mtu anapotaka kujua kama faili imo ndani ya saraka fulani. Wengi huuliza tu kama njia ya faili inaanza na maandishi ya saraka. Mkoa wa Kagera una Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba na Manispaa ya Bukoba. Weka saraka mbili, /data/Kagera/Bukoba na /data/Kagera/Bukoba-Manispaa, na skripti ya namna hiyo itaiingiza Manispaa yote ndani ya Wilaya, kwa sababu herufi za mwanzo zinafanana. Python yenyewe ina os.path.commonprefix ya zamani inayokata kwa herufi bila kujali mkwaju. Ndiyo maana toleo la 3.5 likaleta commonpath inayokata kwa saraka nzima, na 3.9 likaongeza is_relative_to. Hata hiyo ya mwisho husoma maandishi tu, kwa hiyo uinyooshe njia kwanza.

Swali la tatu ni la kitu chenyewe: je, ni faili ileile? Hapa Kiswahili kinatusaidia kwa namna ambayo miongozo mingi iliyotafsiriwa imeshindwa kuitumia. Sawa si ileile. Nakala mbili za ripoti ya Mabawe ni sawa. Ukiihariri moja, nyingine haibadiliki. Faili ileile yenye majina mawili hubadilika kwa pamoja. Mfumo wa Unix huipa kila faili namba yake katika diski, iitwayo inodi, na os.path.samefile haiangalii maandishi ya njia kabisa: hulinganisha inodi na namba ya diski. Katika ganda la bash kazi hiyohiyo hufanywa na -ef. Faili iliyopewa majina mawili halisi bila kiungo cha kufuata, jambo linaloruhusiwa katika Unix, itaishinda hata realpath, maana majina yote mawili ni halisi. Samefile haishindwi.

Mifumo mikubwa imeelekea upande huo pia. DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo taarifa za MTUHA huingizwa ndani yake, hukipa kila kituo, wilaya na mkoa utambulisho wa herufi na tarakimu 11 usiobadilika. Njia ya kituo katika mti wa nchi hutungwa kwa vitambulisho hivyo, vikitenganishwa na mikwaju kama saraka. Wilaya ikihamishiwa mkoa mwingine, njia inabadilika, utambulisho haubadiliki. Anayeunganisha majedwali ya miaka kabla na baada ya 2012 kwa kutumia jina la mkoa anajitafutia kazi ya usiku.

Kwa hiyo katika miongozo yetu napendekeza tuseme wazi: njia zenye maandishi sawa, njia zinazofika pamoja, faili ileile. Mambo matatu, semi tatu. Mfasiri anayeandika "sawa" kotekote humwachia msomaji mzigo wa kubahatisha, na msomaji wa mwongozo wa programu hana pa kuuliza.

Tahadhari ya mwisho kwa anayeandika skripti: samefile inahitaji faili zote mbili ziwepo. Ikikosekana moja, inasimama na kutoa kosa. Kwa ripoti ya mwezi ujao, ambayo haijaandikwa bado, tafuta njia halisi ya saraka itakayoihifadhi, ongeza jina la faili mwishoni, kisha linganisha maandishi.