Ukienda Unguja, ufikie wapi?

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita zipatazo 85, na upana wake haufiki kilomita 40. Kwa udogo huo, wasafiri wengi hudhani kuwa popote watakapofikia ni sawa. Familia iliyoweka akiba kwa miaka kadhaa, iwe London, Muscat au Nairobi, hulipia hoteli ya wiki nzima kabla ya kuondoka, kisha hugundua kosa lake siku ya kwanza: bahari iliyoonekana kwenye picha imerudi nyuma mbali, na pale walipotaka kuogelea pamebaki mchanga mtupu.

Picha haikuwa ya uongo. Ilipigwa maji yalipokuwa yamejaa.

Kujaa na kupwa

Katika pwani ya Unguja, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo saa 24, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hupungua sana.

Siku za bamvua, maji hupwa asubuhi kuelekea adhuhuri, na hujaa alasiri. Kwa hiyo anayepanga safari yake kwa kutazama kalenda ya mwezi huwa tayari amepata nusu ya jibu. Nusu ya pili ni upande gani wa kisiwa atakaofikia.

Mashariki

Vijiji vya Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani vinatazama Bahari ya Hindi, lakini mbele yao kuna mwamba wa matumbawe unaokinga mawimbi makubwa. Kati ya mwamba na ufukwe maji ni machache. Yakipwa, mtu huweza kutembea mamia ya mita bila ya kulowa magoti.

Upande huu unamfaa apendaye utulivu na matembezi, na mwenye watoto wadogo wanaotaka kucheza kwenye maji haba. Paje, kwa upepo wake, imekuwa makao ya mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Mgeni akumbuke viatu vya mpira, na asikanyage kamba zilizofungwa kwenye vijiti: hayo ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza hapa mwaka 1989, na hadi leo wakulima wake wengi ni wanawake.

Kaskazini

Katika ncha ya kaskazini, Nungwi na Kendwa, bahari haiendi mbali. Kendwa hasa, mtu huweza kuogelea karibu saa zote. Faida hiyo ina gharama yake: hoteli zimesongamana, muziki huendelea usiku, na bei hupanda. Aliyekwenda kutafuta kimya atasumbuka. Aidha, kutoka mjini ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari.

Mji Mkongwe

Mji huu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, haukusudiwi kwa kuogelea. Hata hivyo, usiku mmoja au miwili hapa, mwanzoni au mwishoni mwa safari, humpunguzia msafiri usumbufu, kwa kuwa bandari na uwanja wa ndege viko karibu. Hoteli nyingi ni majumba ya zamani yenye ngazi ndefu na zilizosimama sana. Mwenye mzazi mtu mzima aombe chumba cha chini kabla ya kulipa. Gari haliingii katika vichochoro vingi, na adhana ya alfajiri itamwamsha aliyelala karibu na msikiti.

Majira

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo mvua kubwa. Bei hushuka na baadhi ya hoteli hufungwa. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, hewa ni ya ubaridi kidogo. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, huleta joto. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi nje ya hoteli hufungwa mchana, na stara hutazamiwa zaidi. Mgeni anayetaka kufunga pamoja na wenyeji atafurahia mji kuliko ufukwe.

Maji ya kunywa

Kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji. Uchunguzi wa shirika la Uingereza la Tourism Concern, uliotolewa mwaka 2012, ulieleza kuwa katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani kaya moja ilitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Nyumba ndogo za wageni zilitumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kwa hiyo mahali mtu anapofikia si suala la starehe yake pekee. Linagusa pia kisima cha jirani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Je, kuna saa ngapi za kuogelea katika wiki niliyochagua? Je, bei imejumuisha kodi zinazotozwa kwa kila usiku? Je, kuna bei ya wakazi kwa raia wa Afrika Mashariki? Je, maji ya hoteli yanatoka wapi, na wangapi kati ya wafanyakazi wake ni watu wa kijiji hicho?

Mwenye hoteli anayejibu maswali hayo bila ya kukwepa anafaa kufikiriwa kwanza. Akijibu kwa kutuma picha nyingine, ni vyema kuendelea kutafuta.