Kiatu cha Ngozi kutoka Matopeni: Uhifadhi wa Malikale na Pwani ya Mtwara

Historia ya mavazi ya pwani ya kusini imeandikwa zaidi kutokana na vitu visivyooza. Mikindani na viunga vyake vimewapa wanaakiolojia vigae vya vyungu, shanga na kuta za mawe. Ngozi imetoweka katika udongo wenye joto na hewa. Kilichosalia ni msamiati: makubadhi, ndara, mitawanda. Neno huthibitisha kwamba kitu kilikuwapo, lakini halionyeshi mshono wa soli wala kiraka cha fundi. Kwa hayo, hapana budi kipatikane kiatu chenyewe.

Mahali panapoweza kukihifadhi ni matope ya mikoko, kama yale ya maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo tangu mwaka 2000 yamo ndani ya hifadhi ya bahari. Humo oksijeni ni haba, na vijidudu viozeshavyo hudhoofika. Ngozi iliyodabaghiwa kwa magome hudumu zaidi kuliko ngozi mbichi, kwa kuwa tanini hushikamana na nyuzi zake. Na magome ya mkoko na mkandaa ni mashuhuri kwa wingi wa tanini. Ndiyo maana merikebu ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilitoa mamia ya viatu vya ngozi.

Hatari huanza kiatu kinapotolewa. Baada ya karne kadhaa, maji yamechukua nafasi ya sehemu ya ngozi iliyoyeyuka, nayo ndiyo yanayoshikilia umbo lake. Kikianikwa, nyuzi hunywea na kushikana, chumvi huganda na kupasua uso, na kiatu hugeuka kuwa kipande kigumu kilichojikunja. Kwa hiyo huwekwa majini. Chumvi huondolewa kwa kubadilisha maji baridi mara kwa mara. Kisha ngozi hulowekwa katika gliserini au poliethilini glaikoli, ambayo hukaa mahali pa maji. Mwisho hugandishwa na kukaushwa katika ombwe, barafu igeuke mvuke bila kupitia hali ya maji.

Afrika Mashariki ina kielelezo chake. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, wakati ngome hiyo ilipozingirwa na Waomani. Ilipochimbuliwa kati ya mwaka 1977 na 1980, vitu vilivyoopolewa vilihudumiwa katika maabara ndani ya ngome. Bodi ya merikebu ilipimwa, ikachorwa, kisha ikafukiwa tena. Uamuzi huo una funzo: kisichoweza kutunzwa nje ni salama zaidi kilipo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, huhesabu kuwa malikale kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na humtaka mgunduzi atoe taarifa. Lakini taarifa huweza kuchukua siku kadhaa, ilhali ngozi huharibika kwa saa chache juani. Mvuvi au mchimba kaa ndiye mhifadhi wa kwanza. Ndoo ya maji na kivuli vyatosha kwa kuanzia. Elimu hiyo ikimfikia mapema, huenda siku moja maneno makubadhi na ndara yakasomwa pamoja na ushahidi wake.