Kuomba Njia: Toka Pori ya Wazee Mupaka Ferme za Leo

Ku mwisho wa juma, hapa kwetu Kasapa, masomo ya campus yakisimama, mazungumuzo inakuwa moja tu mu manyumba: kesho tutaenda kutembea wapi? Moja anataka ferme ya ku njia ya Kasenga, kule kuko punda milia na mashua. Mwengine anasema Lac Tshombe inatosha, hapana kupoteza franka. Wa tatu anataka mbali, anataka maporomoko ya Lofoi. Watu wanahesabu bei ya kuingia, wanahesabu mafuta ya mutuka, wanauliza kama kuko nyama choma na pahali pa watoto kuogelea. Ulizo moja tu halisemwi: nani atatuongoza?

Sisi wa chama chetu tunaona kama ulizo lile lilikuwa la kwanza kwa wazee. Tunataka kuonyesha hapa namna lilivyopotea, na sababu gani inafaa lirudi.

1. Pori ilikuwa na mwenyewe

Udongo ambao muji wa Lubumbashi unakaa juu yake ni udongo wa Balamba. Kaponda na masultani wengine walikuwa wenye inchi mbele reli haiyafika. Mugeni hakuingia tu mu pori sawa vile mutu anaingia mu soko. Alisimama inje ya kijiji, akapiga makofi polepole, akangoja. Mazungumuzo ilikuwa fupi:

– Bazee, tunaomba njia.

– Munatoka wapi? Munatafuta nini?

Kama jibu lilikuwa la wazi, alipewa maji, na kisha alipewa mutu. Mara nyingi mutu yule alikuwa muwindaji. Kazi yake haikuwa kutembeza mugeni tu. Alijua kisima gani hakikauki, wapi kuko mitego, muti gani uko na nyuki na nyuki zile ni za nani, makaburi gani haifai kupita juu yake. Mugeni akiua nyama, sehemu yake ilienda kwa mwenye inchi. Mu sehemu nyingi za Katanga, tembo akianguka, jino lililogusa udongo lilikuwa la sultani. Kwa namna ile, kuongozwa kulikuwa heshima, na tena kulikuwa sheria. Na ukumbuke kama mu hadisi za Baluba na Balunda, Kibinda Ilunga, yule aliyekuja kuoa Lueji, alikuwa muwindaji mugeni. Muwindaji hakuwa mutu mudogo katika hadisi zetu.

Muongozi yule alisoma pori sawa kitabu. Aliona maua ya rangi ya zambarau kwenye pahali ambapo miti mikubwa haikomei, akajua kama chini kuko mukuba. Ni ua lile ambalo wenye elimu ya mimea wanaita Haumaniastrum katangense. Wachimbaji wa madini walilifuata, na nyuma wenye kuchimbua mambo ya kale walilifuata vilevile ili kupata pahali wazee walipoyeyushia shaba. Tena alijua kichulu, ile nyumba ya mchwa ambayo kandokando ya Lubumbashi inaweza kupita urefu wa mita 5: udongo wake ni muzuri kwa mahindi na kwa matofali, na miti inayomea juu yake si ile inayomea chini. Alijua mizizi ya kutengeneza munkoyo, na mwezi gani masuku yanaiva, na bowa gani unakula na bowa gani unaua.

2. Reli, nyama na karatasi

Mwaka 1900 serikali ya Leopold II na Compagnie du Katanga ziliunda Comité Spécial du Katanga, ile CSK ya wazee, na ikapewa mamlaka juu ya udongo. Union Minière ilizaliwa 1906. Treni ya kwanza toka Rhodesia ilifika Élisabethville mwezi wa 9 mwaka 1910, na tanuru ya shaba ilianza kazi mwaka 1911. Mwaka uleule Wabelgiji walileta wakulima wao wakae kandokando ya muji, kila mutu na shamba lake kubwa. Ni hapo neno ferme liliingia mu midomo yetu. Wengi wao hawakufaulu: udongo haukuwa sawa udongo wa kwao, na unga na nyama za Rhodesia zilikuja kwa treni na bei ya chini.

Lakini kampuni ilikuwa na wafanyakazi wa kulisha. Posho bila nyama, watu hawakai. Kulikuwa shida moja: ndorobo, inzi anayeua ng'ombe. Kwa hiyo makundi makubwa ya ng'ombe yalipelekwa juu, ku milima ya majani ya Biano na Kundelungu, kule baridi inafukuza ndorobo. Mu miaka ya 1920 kampuni za ufugaji sawa Elakat zilikuwa kazini. Ferme kubwa za Katanga hazikuanza juu ya kutembea. Zilianza juu ya sufuria ya mufanyakazi wa mugodi.

Na kutembea? Kutembea kulikuwa kwa wamoja. Cité Albert, ile tunayoita leo Kamalondo, ilianzishwa 1921, na kati yake na muji wa Wazungu kuliachwa udongo mutupu, hapana nyumba. Usiku mutu mweusi hakupita bila karatasi. Siku ya Mungu bwana na bibi walienda ku mito na ku ferme za rafiki zao, na boyi alibeba kikapo. Maisha ile ya waboyi iliandikwa na mwenyewe wa muji, André Yav, mwaka 1965, mu Kiswahili cha hapa hapa, katika kitabu chake cha historia ya Élisabethville. Kila mutu wa chama chetu anapaswa kukisoma. Hapo njo muongozi wa njia aligeuka mubeba-bunduki: elimu ni yake, safari ni ya mwengine.

Mwaka 1939 Parc ya Upemba iliundwa. Nyama zilipata ulinzi, na hilo ni jambo la kweli na la lazima. Lakini muwindaji aliyekuwa mutu wa heshima jana, leo aliitwa mwizi wa nyama. Parc ya Kundelungu ilifuata mwaka 1970, wakati uhuru ulikuwa umekwisha kufika.

3. Ferme inakuwa yetu

Kisha uhuru udongo ulibadilika mikono kwenye karatasi mara mingi. Sheria Bakajika ya 1966 ilirudisha udongo kwa Serikali, sheria ya 1973 ilikaza jambo lile, na mwezi wa 11 mwaka ule zairianisation iligawa ferme na magazini za wageni kwa wana-inchi. Ferme nyingi zilikufa: aliyepewa ng'ombe aliona nyama tu, hakuona zizi.

Mu miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na muji wote ulirudi ku jembe. Hata jardin zoologique yetu ilijua njaa; wazazi wa Lubumbashi wanakumbuka vizimba vitupu. Ilikuja kusimamishwa tena mu miaka ya 2000, na mwaka 2006 ndani yake kulianza J.A.C.K., pahali pa kulea sokwe wadogo walionyanganywa wafanya-biashara. Mwaka 2008 kampuni za mugodi zililazimishwa na serikali ya provense kulima kila moja hektari 500 za mahindi. Ferme zilirudi kwa wingi ku njia ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi. Na wenye ferme wakafahamu jambo moja: mutu wa muji anaweza kulipa ili aone ng'ombe tu, bila kumununua. Wakachimba ziwa, wakajenga paillote, wakaleta swala na punda milia, wakaweka baryera na mutu wa tiketi.

Hatusemi ni mubaya. Mikembo, kaskazini-mashariki ya muji, ni mufano muzuri: pale mwenye udongo alilinda pori kavu yetu, ile miombo, na tangu 2009 wanafunzi na walimu wa Université de Lubumbashi wamehesabu na kupima miti moja moja katika hektari 10. Huku inje, pori hii inageuka makala mbele ya macho yetu. Wazee wa Kasapa waliokusanya kuni nyuma ya campus wanajua namna leo lori la makala linatoka mbali. Baryera ya ferme imeokoa miti ambayo hakuna sheria iliyoiokoa.

Lakini baryera ileile imefunga njia ya mama aliyeokota bowa na vinkubala pale kila mwaka, na sasa anapaswa kuomba sentineli. Mambo mawili yote ni ya kweli, na mutembezi anayelipa tiketi yake anapaswa kuyajua.

4. Mufano wa kisiwa cha mbali

Hatuko peke yetu. Mu kisiwa cha Oahu, kule Hawaii, kuko ferme ya ng'ombe inaitwa Kualoa, yenye hektari karibu 1,600 kati ya mulima na bahari. Zamani ulikuwa udongo mutakatifu, watoto wa masultani walilelewa pale. Mwaka 1850 sheria iliruhusu wageni kununua udongo, na mwaka uleule munganga mumoja wa Marekani, Gerrit Judd, aliununua kwa mufalme Kamehameha III. Jamaa yake walifuga na kulima, na nyuma wakafungulia watalii mulango. Leo mugeni anachagua: farasi, basi bila vioo, mashua, ao pahali walipopiga filme ya Jurassic Park iliyotoka mwaka 1993. Mugeni anaweza kumaliza siku yote akionyeshwa pahali pa dinozori wa filme, bila kusikia jina la sultani hata mumoja. Lakini akichagua safari ingine palepale, ataongozwa kwa hadisi za udongo ule na za wenyewe wa zamani. Pahali ni pamoja, bei zinakaribiana; kinachobadilika ni kinywa cha muongozi.

5. Namna ya kuchagua

Jambo lile tumeliona kwa macho yetu. Chama chetu kilienda kutembea mara mbili mu ferme mbili, hatutaji majina. Mu ile ya kwanza kijana mwenye kofia nzuri alituonyesha swala, akatuambia walitoka inchi gani na bei yao. Tukamuuliza muti tuliokuwa chini yake unaitwa nani. Akasema: «Ni muti tu ya pori.» Mu ile ya pili hakukuwa swala hata moja. Muzee mumoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa sentineli, alituchukua kwa miguu. Mu saa mbili alitutajia miti zaidi ya 30 kwa Kilamba, akachimba muzizi wa munkoyo, akaturudisha nyuma mbele ya muti mumoja kwa sababu ulikuwa na mizinga ya ndugu yake. Watoto wetu waliokuwa wanalilia mashua walinyamaza. Ku mwisho tukamuuliza wanamulipa ngapi juu ya kuongoza wageni. Akacheka: «Bananilipa juu ya kulinda baryera, bana yangu. Ile ingine nabapatia bure.» Na mutoto wake, je, anajifunza? Mutoto anachoma makala.

Basi, kama unatafuta pahali pa kupeleka jamaa yako, usianze na punda milia. Piga telefone, uliza muongozi ni nani, anatoka wapi, anajua kusema majina ya miti. Uliza kama watu wa kijiji wanapata ruhusa ya kuingia mu wakati wa bowa. Uliza kama kutembea kwa miguu kunawezekana, kwa sababu ndani ya mutuka utaona mavumbi.

Chagua na wakati. Kifuku ni cha bowa na vinkubala, lakini njia ni matope. Mwezi wa 8 na wa 9, mbele mvua haiyaanguka, majani mapya ya miombo yanatoka mekundu, na mutu wa muji anafikiri pori inaungua. Kwa Lofoi, ambayo maji yake yanaanguka karibu mita 340 toka juu ya Kundelungu, usingoje mwisho wa kipwa: utakuta kamba nyembamba ya maji. Mu kifuku ni yenye nguvu, lakini mutuka unaweza kulala njiani. Wakati muzuri ni kisha mvua kukatika, maji ingali mingi na njia inaanza kukauka. Na kama mufuko ni mutupu, anzia karibu: kichulu kimoja nyuma ya nyumba yako, pamoja na muzee anayekijua, ni safari.

Kwa upande wetu, tumekata shauri moja. Kila mara chama kitakapotoka, feza ya muongozi itawekwa pembeni, mbali na feza ya tiketi, na itapewa mu mikono yake. Na kijana mumoja wa chama atabeba kaye, aandike kila jina la muti namna muzee analitaja. Muzee wetu wa ferme ya pili tumekwisha kumuomba arudi nasi mu kifuku kinachokuja, na alete mutoto wake, yule wa makala. Tutawalipa wote wawili.