Goti si bawaba ya mlango

Wasee, wengi wetu tunadhani goti ni bawaba. Mlango unafunguka, mlango unafungwa, basi. Hata madaktari walilitengeneza hivyo kwa miaka mingi, na walioumia ni wagonjwa.

Hii stori inanihusu. Nyanya yangu, Kukhu kama tunavyomwita, anaishi Bungoma, upande wa Chwele. Goti lake la kulia limeisha na daktari ametaja goti bandia. Kwenye grupu ya familia swali ni moja tu: bei gani? Mimi niko Kitale, nikaona kabla ya harambee nisome hiki kitu kilitoka wapi.

Kilianza na pembe za ndovu. Mwaka 1890, jijini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa wa TB ya mifupa goti la pembe, lenye umbo la bawaba. Mwaka huohuo Frederick Jackson alikuwa akipanda Mlima Elgon na msafara wa kampuni ya Waingereza, enzi ambazo pembe ndizo zilivuta misafara hadi Mumias. Goti la Gluck halikufika mbali, maambukizi yaliharibu kazi.

Mwaka 1951, kule Uswidi, Börje Walldius alileta bawaba ya akriliki, baadaye ya chuma. Watu waliinuka wakatembea. Lakini goti la kuzaliwa likikunjika huzunguka kidogo pia, na bawaba haizunguki. Sasa ukigeuka, ile nguvu ya kujipinda inaenda wapi? Inaenda pale chuma kimeshikana na mfupa. Polepole chuma kinalegea, kama nguzo ya ua ambayo ng'ombe anajikuna nayo kila siku.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli ulikuwa umeandikwa kitambo. Mwaka 1836 ndugu wawili Wajerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walichapisha kitabu kuhusu mwendo wa binadamu. Walieleza kwamba mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya mfupa wa chini. Fikiria gurudumu la boda kwenye matope ya Kapsokwony: linazunguka na linateleza, yote kwa pamoja. Hilo ndilo goti lako.

Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito ni Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa hospitali ya Wrightington, Uingereza. Mwaka 1968 aliachana na bawaba. Akaweka vipande vya chuma vya mviringo vikiteleza kwenye reli za plastiki, na kano za mgonjwa mwenyewe zikabaki kushikilia goti. Mwaka 1974 timu ya John Insall huko New York ikatoa goti ambalo ni babu wa mengi ya leo. Hilo lilitaka kano mbili za katikati zikatwe, umbo la plastiki lifanye kazi yake. Maumivu yaliisha, ila goti lilikunjika takriban nyuzi 90 tu. Mwaka 1978 wakaongeza kigingi cha kusukuma paja nyuma unapokunja, na mkunjo ukapita nyuzi 110.

Utasema, si hiyo inatosha? Kutembea barabarani goti hukunjika nyuzi 60 hivi. Kwa hesabu, inatosha. Lakini miaka ya 1990 watafiti waliwapiga watu eksirei ya video wakikunja magoti bandia, wakaona kwenye baadhi ya miundo paja linateleza mbele badala ya kurudi nyuma. Yaani maumivu yameisha, lakini goti halijarudi kuwa lile la zamani. Ndio maana wengine hutembea wamekaza mguu, na wakifika kwenye mteremko hawaliamini goti lao. Baadaye ikaja miundo ambayo upande wa ndani hukaa kama mpira kwenye kikombe, upande wa nje ukizunguka. Hiyo inakaribia zaidi goti la kuzaliwa.

Sasa rudi kwa Kukhu. Choo chake ni cha shimo. Jiko lake liko chini, mawe matatu. Anapalilia, anafua kwa beseni, anapiga magoti kanisani. Kuchuchumaa kabisa kunataka zaidi ya nyuzi 130. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya magoti bandia 10, takriban 8 hudumu miaka 25. Safi sana, lakini takwimu hizo zilitoka Australia na Finland, kwa watu wa viti na vyoo vya kukalia. Kampuni zilipotaka soko la Asia na Mashariki ya Kati zilitoa magoti ya kukunjika zaidi. Majaribio yakaonyesha tofauti ni ndogo, lakini angalau kuna mtu aliuliza watu wa huko wanaishi vipi.

Mimi sipingi upasuaji. Nataka Kukhu afike soko la Chwele bila kushika kuta. Ninachopinga ni kuuliza bei peke yake. Mkienda kwa daktari, ulizeni: ni muundo gani, na unabakiza kano zipi? Litakunjika kiasi gani? Akirudi nyumbani, nani atamsimamia mazoezi? Na kwenye bajeti ya harambee wekeni choo cha kukalia na meko ya kusimama. Ukinunua goti la mtu wa kiti, mtafutie na kiti.

Na nyinyi mnaosomea uhandisi, kuna kazi hapa. Ndugu Weber walichunguza jinsi watu wanavyotembea. Nendeni shambani mkapime jinsi kina Kukhu wanavyoinama, wanavyochuchumaa, wanavyoinuka. Goti la kuwafaa litaanzia hapo.