Kucha za kasuku: Anza na kijiti kabla ya mkasi

KWA wengi wetu, kasuku ni yule aliyechorwa kwenye jalada la daftari la shule, au ubavuni mwa mkebe wa mafuta ya kupikia ambao baadaye hugeuka gorogoro ya kupimia mahindi sokoni. Kwa aliye naye nyumbani Kikambala, huyu ni ndege mwenye kucha nane, na kucha hizo zisipoangaliwa huweza kumlemaza.

Kila mguu una vidole vinne. Viwili huelekea mbele, viwili nyuma. Ukucha hukua maisha yote, na ndani yake mna mshipa wa damu na neva. Uliozidi urefu hutambulika ndege anaposimama mahali tambarare: ncha hukiinua kidole. Ukucha wa namna hiyo hunasa katika waya wa tundu au nyuzi za taulo, na ndege akipapatika kujinasua huweza kuung'oa.

Kasuku wa mwituni hana kinyozi. Katika ukanda wa pwani, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, huishi kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya kahawia. Kucha zake husagika zenyewe kwa kukwea magome makavu siku nzima. Mwenzake wa tunduni husimama juu ya kijiti kimoja laini, cha unene mmoja, mchana na usiku.

Dawa ya kwanza, basi, ni kubadilisha vijiti. Matawi ya mpera yenye magome yake, yasiyopuliziwa dawa ya wadudu, yafaa sana. Yawe ya unene tofauti, na hata lililo jembamba lisiwe la kuruhusu kucha za mbele kukutana na za nyuma. Karatasi ya msasa ambayo baadhi ya wafugaji huizungushia kijiti haifai kabisa. Huchubua nyayo na kuiacha ncha ya ukucha kama ilivyokuwa. Na nyayo zilizochubuka huvimba na kuoza, maradhi yaliyo magumu kutibu kuliko ukucha wowote mrefu.

Chakula nacho kina neno. Ndege anayelishwa mbegu za alizeti pekee hukosa vitamini A na kulimbikiza mafuta kwenye ini. Ini likiharibika, kucha na mdomo huweza kurefuka upesi kupita kawaida au kumenyeka. Mchicha, karoti, boga na papai havikosekani sokoni Mtwapa. Parachichi asipewe hata kipande, kwani ni sumu kwake.

Ikiwa bado pana haja ya kukata, ifanywe asubuhi kabla joto halijapanda, na watu wawili. Mmoja amfunike ndege kwa taulo jepesi na kukishika kichwa kwa upole chini ya taya. Kifua kisibanwe. Ndege hana kiwambo kama chetu cha kuvutia pumzi. Hupumua kwa kutanua na kurudisha kidari, hivyo anayemkaza kifuani humnyonga bila kujua. Akianza kuhema kwa mdomo wazi, aachiliwe na kazi iahirishwe.

Kucha za kasuku wa kijivu ni nyeusi, na mshipa wa ndani hauonekani. Kwa sababu hiyo ikatwe ncha tu, milimita moja hivi, au isuguliwe kwa tupa ndogo ya kucha. Ni heri kurudia baada ya wiki mbili kuliko kumaliza yote siku moja. Ndege huyo huwa na uzito wa takriban gramu 400 hadi 500, na damu yake yote haizidi sana kikombe kimoja cha kahawa chungu. Kwa hiyo unga wa kugandisha damu, au angalau konflawa, uwe karibu kabla ya mkasi kushikwa. Damu ikitoka, ubanwe unga huo kwenye ncha kwa dakika chache. Isipokoma baada ya dakika 10, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja.

Hapo ndipo wengine husitasita, kwa kuwa ndege hana karatasi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kufuga ndege wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa. Kasuku wa kijivu, anayetoka misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, aliwekwa katika orodha ya ulinzi mkali zaidi ya mkataba wa CITES kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini ikapigwa marufuku kuanzia Januari 2017. Anayetaka kumfuga aulizie kibali katika ofisi za KWS kabla ya kumleta nyumbani.