Waamuzi Kwanza: Vipaumbele vya Mageuzi ya Katiba kwa Serikali Mpya Nchini Kenya, 2002–2010

Utangulizi

Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kuwa rais wa tatu wa Kenya. Muungano wa NARC uliomwingiza madarakani ulikuwa umewaahidi wapigakura katiba mpya katika muda wa siku mia moja. Katiba hiyo ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, baada ya takribani miaka saba na miezi minane, kura mbili za maoni, na machafuko yaliyoua zaidi ya watu elfu moja na kuwafurusha malaki ya wengine kutoka makwao. Insha hii inashughulikia swali moja linalotokana na historia hiyo: serikali inayoingia madarakani kwa ahadi ya kurekebisha katiba inapaswa kuanza na nini?

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuchelewa huko ni yale ya usaliti. Inaelezwa kwamba vyama vilivyounda NARC vilikuwa vimetia saini mkataba wa maelewano mnamo Oktoba 2002, kwamba mkataba huo ulitarajia wadhifa wa waziri mkuu kwa Raila Odinga, na kwamba haukutekelezwa. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshi. Yanafafanua kwa nini viongozi waligombana. Hayafafanui kwa nini ugomvi wao ulikosa pa kuamuliwa. Hoja ya insha hii ni kwamba kosa kubwa zaidi lilikuwa la mpangilio wa vipaumbele. Swali la nani atawale na kwa mamlaka gani lilitangulizwa, ilhali taasisi za kuamua migogoro, yaani mahakama na tume ya uchaguzi, pamoja na utaratibu wenyewe wa kubadilisha katiba, ziliachwa zisubiri.

Urithi wa 1963

Ili kuona uzito wa utaratibu, ni muhimu kurejelea namna katiba ya uhuru ilivyobomolewa. Katiba iliyotokana na mikutano ya Lancaster House ilikuwa na mabaraza mawili ya Bunge, serikali za majimbo na masharti magumu ya marekebisho. Marekebisho ya kawaida yalihitaji asilimia 75 ya wabunge katika kila baraza. Vifungu vilivyolindwa zaidi, vikiwemo vile vya majimbo, vilihitaji asilimia 90 ya Seneti. Mnamo 1965 kizingiti hicho kilishushwa hadi asilimia 65. Mwaka uliofuata Seneti ilivunjwa na wajumbe wake wakaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na katika mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyowalazimu wabunge waliohamia chama kipya cha KPU kurudi kwa wapigakura. Kufikia mwisho wa mwongo huo majimbo yalikuwa yamefutwa katika katiba.

Aghalabu matukio haya husimuliwa kama orodha ya marekebisho yaliyompa rais mamlaka. Mfuatano wake, hata hivyo, una maana. Serikali ya Jomo Kenyatta ilielewa kwamba anayemiliki utaratibu wa kubadilisha katiba anamiliki pia yaliyomo. Utawala wa Daniel arap Moi uliendeleza mwelekeo huo. Mnamo 1982 kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Mnamo 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na mnamo 1988 majaji nao wakapoteza ulinzi huo. Ulirejeshwa mnamo 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, lakini namna ya kuwateua majaji haikuguswa. Wajumbe wa Tume ya Huduma za Mahakama walipata nafasi zao, moja kwa moja au kupitia vyeo vyao, kwa uteuzi wa rais.

Athari zake zilionekana katika kesi za uchaguzi. Kesi ya Kenneth Matiba kuhusu uchaguzi wa 1992 ilitupiliwa mbali kwa sababu hati yake ilitiwa saini na mkewe, aliyekuwa na idhini ya kisheria, na si na yeye mwenyewe, ingawa maradhi yalimzuia kuandika. Kesi ya Mwai Kibaki kuhusu uchaguzi wa 1997 ilianguka kwa sababu rais hakukabidhiwa hati hizo ana kwa ana. Kwa hiyo mtu aliyeapishwa Desemba 2002 alikuwa miongoni mwa Wakenya wachache waliojua, kwa yaliyowapata wenyewe, gharama ya mahakama isiyo huru.

Makubaliano yasiyoandikwa

Taasisi ya pili ni tume ya uchaguzi. Baada ya maandamano ya Saba Saba ya 1997, wabunge wa chama tawala na wa upinzani walikutana katika kundi lililojulikana kama IPPG, wakakubaliana juu ya mageuzi ya kabla ya uchaguzi. Baadhi yake yaliingizwa katika sheria. Lakini kanuni kwamba vyama vya upinzani vingependekeza majina ya baadhi ya makamishna wa uchaguzi ilibaki makubaliano ya kiungwana. Rais Moi aliyafuata, na uchaguzi wa 2002 ulisimamiwa na tume iliyoaminiwa na pande zote.

Mafanikio hayo yaliificha kasoro. NARC iliingia madarakani kupitia uchaguzi uliokubaliwa hata na aliyeshindwa, na haikuona haja ya kuyageuza makubaliano hayo kuwa sheria. Mnamo 2007, muda wa makamishna wengi ulipomalizika, Rais Kibaki aliteua wengine bila kuushauri upinzani. Hakuvunja sheria yoyote kwa kufanya hivyo, na hapo ndipo penye tatizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ungeweza kuzibwa mwaka 2003 kwa marekebisho mafupi ambayo hakuna upande ungekuwa na sababu ya kuyapinga hadharani.

Bomas na swali la mamlaka

Kongamano la Kitaifa la Katiba lilifunguliwa Bomas of Kenya tarehe 28 Aprili 2003, likiwa na wajumbe 629 chini ya uenyekiti wa Profesa Yash Pal Ghai. Rasimu iliyojadiliwa ilikuwa imeandaliwa na Tume ya Kurekebisha Katiba baada ya kuwasikiliza wananchi katika maeneo bunge yote. Iligusa haki, ardhi, ugatuzi, mahakama na uongozi. Hata hivyo, kadiri vikao vilivyoendelea, mjadala ulijikita katika suala moja: mamlaka ya utendaji yawe mikononi mwa rais au yagawanywe kati yake na waziri mkuu? Suala hilo halikuwa la kinadharia. Kila aliyekuwa ukumbini alijua ni nani angekalia kiti kipi.

Tarehe 15 Machi 2004 wajumbe waliikubali rasimu iliyompa waziri mkuu mamlaka makubwa, na mawaziri wa upande wa rais wakatoka ukumbini. Siku kumi baadaye Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya Njoya, kwamba Bunge lina uwezo wa kurekebisha katiba lakini halina uwezo wa kuifuta na kuweka nyingine. Uwezo huo ni wa wananchi kupitia kura ya maoni. Uamuzi huo uliliweka wazi jambo ambalo sheria ya mchakato ilipaswa kulieleza tangu mwanzo. Mchakato ulikuwa umeendelea kwa miaka kadhaa bila pande zake kukubaliana juu ya nani mwenye neno la mwisho.

Rasimu iliyofuata, ambayo umma uliiita rasimu ya Wako kwa jina la Mwanasheria Mkuu, ilimrudishia rais mamlaka ya utendaji. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, takribani asilimia 58 ya waliopiga kura waliikataa. Alama za ndizi na chungwa zilizotumiwa katika kampeni ziligeuka kuwa mipaka ya kisiasa iliyofuata pia mistari ya kikabila, na chungwa likazaa chama cha ODM.

Wakati huohuo, marekebisho ya mahakama yalifanywa nje ya katiba. Mnamo Oktoba 2003 majaji 23 na mahakimu 82 walitajwa katika uchunguzi wa ufisadi, na wengi waliacha kazi. Hatua hiyo ilipongezwa wakati huo. Lakini ilibadilisha watu, haikubadilisha namna ya kuwapata. Warithi wao waliteuliwa kwa njia ileile ya zamani. Kwa hiyo, matokeo ya urais yalipopingwa Desemba 2007, upinzani ulikataa katakata kwenda mahakamani. Tume haikuaminiwa, mahakama haikuaminiwa, na mgogoro ukahamia barabarani na mashambani.

Mpangilio uliobadilika, 2008–2010

Mapatano ya Februari 2008 yaliyosimamiwa na Kofi Annan yaligawana madaraka, lakini umuhimu wake kwa hoja hii uko katika mambo yaliyotangulizwa baadaye. Tume ya zamani ya uchaguzi ilivunjwa na tume ya mpito ikaundwa, ikaandikisha wapigakura upya. Mahakama maalumu ya muda iliundwa kusikiliza mizozo ya mchakato wa katiba. Rasimu ilikabidhiwa Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, na sheria ikaitaka kamati hiyo iyatenge masuala yenye utata na yale yaliyokwisha kukubaliwa. Kura ya maoni ilitajwa katika sheria kuwa hatua ya mwisho.

Mfumo wa serikali uliendelea kuwa na utata, na wabunge walipokutana Naivasha Januari 2010 waliugeuza kuwa wa rais mtendaji. Tofauti ni kwamba safari hii mabadiliko hayo hayakuvunja mchakato, kwa kuwa kila upande ulijua hatua inayofuata na nani angeiamua. Bungeni yalipendekezwa marekebisho zaidi ya mia moja. Hakuna hata moja lililopata kura zilizohitajika. Tarehe 4 Agosti 2010 takribani asilimia 67 waliikubali katiba, na walioshindwa waliyakubali matokeo.

Pingamizi

Hoja hii inakabiliwa na pingamizi zito. Mageuzi ya IPPG yalikuwa ya kiwango cha chini, na wanaharakati wa wakati huo walionya kwamba yangetumiwa kuahirisha mageuzi kamili. Onyo lao lilitimia: katiba mpya ilichukua miaka 13 zaidi. Je, kutanguliza mahakama na tume ya uchaguzi si kurudia mtego uleule? Jibu ni kwamba mtego wa 1997 haukuwa udogo wa mageuzi. Ulikuwa katika kukosekana kwa ratiba yenye nguvu ya kisheria kwa hatua zilizosalia, na katika kuacha sehemu muhimu bila kuandikwa. Mageuzi ya awali hayana budi kuambatana na sheria inayotaja tarehe, mwamuzi na hatua ya mwisho.

Pingamizi la pili ni kwamba sheria pekee haizalishi uadilifu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu ya kasoro za tume iliyoundwa chini ya katiba hiyohiyo mpya, na mnamo Agosti 2022 makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo yaliyotangazwa na mwenyekiti wao. Ni kweli kwamba tume bado ni kiungo dhaifu. Hata hivyo, mara zote mbili walalamishi walikwenda mahakamani, na uamuzi ukatekelezwa. Hali kadhalika, jaribio la kuibadilisha katiba kupitia mpango wa BBI lilikwama katika Mahakama Kuu mnamo Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikathibitisha Machi 2022 kwamba rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia ya mpango wa wananchi. Mwaka 1965 hapakuwa na kizuizi cha namna hiyo.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba nia ya serikali mpya ya kujiwekea mipaka huwa na nguvu zaidi siku inapoapishwa, na hupungua kila mwezi inapoonja mamlaka iliyoyalaumu. Kwa sababu hiyo, muda wa mwanzo hautoshi kukamilisha katiba nzima, na ahadi ya siku mia moja haikuwa ya busara. Unatosha, hata hivyo, kwa mambo matatu: kuuondoa uteuzi wa majaji na wa makamishna wa uchaguzi katika hiari ya rais, kuyaandika makubaliano yote ya kiungwana yawe sheria, na kueleza nani mwenye neno la mwisho juu ya rasimu. Mfumo wa serikali, ambao ndio hasa wanasiasa hupenda kuuanza, ufuate baadaye, kwa kuwa ndio utakaozua ugomvi unaohitaji mwamuzi. NARC ilikuwa na wingi wa viti bungeni, imani ya umma na rais aliyewahi kunyimwa haki na mahakama. Ilikosa kuyatanguliza hayo matatu, na gharama ya kukosa huko ililipwa na watu ambao hawakuwahi kuketi Bomas.