Kutoka myali hadi podikasti: Kwa nini tunaazima maoni kwa wachekeshaji

KIKAMBA kina maneno mawili, uvoo na ngewa, yanayoweza kutusaidia kulielewa jambo linalowakera wahariri wengi wa habari nchini. Uvoo ni habari, ndilo neno ambalo watu wa Kitui na Makueni husalimiana nalo, kama tunavyoulizana kwa Kiswahili, “Habari yako?” Ngewa nayo ni mazungumzo, zile soga zenye habari, kicheko, umbea kidogo na hukumu ya wanaozungumza. Kijana wa Mwingi au Kibwezi anayesikiliza podikasti ya wachekeshaji wakiisema serikali hafuati uvoo. Uvoo anao tayari, simu imemletea tangu alfajiri. Anafuata ngewa. Anataka kulisikia lile analolijua likisemwa kwa namna ambayo naye ataweza kulisema kesho sokoni.

Baadhi ya wasomi wenzangu husema huu ni uvivu wa kizazi kipya: vijana hawasomi, wanangoja mcheshi awafikirie. Siafikiani nao. Tukiiangalia historia ya Ukambani, tutaona kwamba kutafuta msimamo katika kicheko ni desturi kongwe. Kilichobadilika ni mahali kicheko kinapotoka.

Kabla ya redio kuwafikia, Wakamba walikuwa na nyimbo zinazoitwa myali. Hizi ni nyimbo za tashtiti, yaani za kumsuta mtu au tabia kwa kumchekesha msikilizaji. Ngui, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, alisikia kisa kijijini, akakitungia maneno, na ngomani kikaimbwa. Mwizi, mchoyo, mzinzi, mkubwa aliyejikweza, wote waliweza kujisikia wakiimbwa, mara kwa jina, mara kwa fumbo. Na kwa kuwa wengine waliitikia, kauli haikuwa ya ngui peke yake. Hebu tulishike jambo moja hapa, maana nitalirudia: waitikiaji hao walimjua aliyesemwa. Walijua shamba lake, ng’ombe wake na visa vyake. Ngui akizidisha chumvi, walionja.

Baada ya uhuru, kicheko cha aina hiyo kilibanwa. Sauti ya Kenya, redio ya serikali, ilitangaza kwa Kikamba pia, lakini ni nani angethubutu kumsuta rais hewani? Kenya ilipofanywa nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, mzaha wa kisiasa ulijificha zaidi. Wahome Mutahi, katika safu yake ya gazeti iliyoitwa “Whispers”, aliandika visa vya mume, mke na watoto wao, na msomaji mwerevu akajua kwamba nyumba ile ilikuwa pia nchi. Mutahi alikijua vyema anachokikwepa, kwani mwaka 1986 alitiwa gerezani wakati wa msako dhidi ya kundi la Mwakenya.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea Desemba 1991, woga haukuondoka siku hiyo hiyo. Ilibidi tungoje hadi mwishoni mwa muongo huo, vijana watatu, Walter Mong’are, John Kiarie na Tony Njuguna, walipojiita Redykyulass na kumwigiza Rais Moi akiwa angali Ikulu. Waliiga sauti yake na mwendo wake. Wakenya wakacheka, wakalala, wakaamka, na jua likachomoza kama kawaida. Somo hilo lilikuwa kubwa kuliko mhadhara wowote wa sayansi ya siasa niliowahi kuusikia. Kisha hewa ilipofunguliwa, vituo kama Musyi FM na Mbaitu FM viliirudisha ngewa kwa Kikamba, na msikilizaji wa Mutomo akaweza kupiga simu na kumjibu mtangazaji.

Podikasti ni mjukuu wa wote hao. Watu huiamini kwa sababu ambazo si za kipuuzi. Mosi, haina haraka. Mbunge akihojiwa runingani hupewa dakika chache, na nyingi kati ya hizo huzitumia kukwepa swali. Pili, magazeti na runinga hutegemea matangazo, na serikali ni mmoja wa watangazaji wakubwa. Msikilizaji anajua hivyo, tena bila kuambiwa. Anamwona mcheshi kuwa mtu asiye na bosi wa kumwogopa, hata kama si kweli kila mara. Tatu, na hapa ndipo penye mtego, mcheshi humpa neno.

Neno moja linaweza kubeba msimamo mzima. Katika kura ya maamuzi ya Katiba mwaka 2010, “ndiyo” ilikuwa kijani na “la” ikawa nyekundu. Mwanasiasa aliyeshukiwa kusema ndiyo mdomoni na la moyoni akaitwa tikitimaji, kijani nje, nyekundu ndani. Jina hilo lilimganda Kalonzo Musyoka wa Tseikuru, Kitui, aliyekuwa makamu wa rais. Alipanda majukwaa ya ndiyo, katiba ikapita Agosti mwaka huo, lakini jina likabaki palepale. Mwaka 2023 likaja jina jingine. Rais William Ruto akaitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mkuyu. Mwaka uliofuata, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walimtaka Zakayo ashuke. Juni 25, 2024 waliingia hadi Bungeni, na baadhi ya walioandamana siku hiyo hawakurudi nyumbani. Kumbe mzaha si jambo dogo, jamani.

Majina haya mawili yanafanana kwa utamu, ila hayafanani kwa uzito. Zakayo ni jina linaloweza kupimwa. Mwalimu wa Makueni anaitazama hati yake ya mshahara, anahesabu makato, kisha anaamua kama jina linafaa. Tikitimaji je? Lile la shambani hupasuliwa, tukaona rangi yake. Moyo wa mtu haupasuliwi. Aliyelitumia jina lile alikuwa akiuza dhana kwa bei ya ukweli, nasi tuliinunua kwa kuwa ilitufanya tucheke.

Ndiyo maana nawarudia wale waitikiaji wa myali. Podikasti nyingi za siasa hurekodiwa Nairobi, na wanaozitayarisha huenda hawajawahi kuteka maji katika mto mkavu wa Kitui. Wakimkejeli gavana au mbunge wa huku, msikilizaji wa huku ndiye mwenye ushahidi. Anajua kama zahanati ina dawa. Anajua kama marufuku ya kusafirisha makaa, iliyotangazwa Kitui mwaka 2018, iliokoa miti au iliwaumiza wachomaji tu. Asiposema lolote, akasambaza tu kipande alichokicheka, ngui anabaki bila waitikiaji.

Mahali pa kuitikia papo. Makueni, chini ya Profesa Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, ilisifika kwa kuwashirikisha wananchi katika mipango na bajeti, kuanzia kijijini hadi ngazi ya kaunti. Katika baraza kama hilo, mtu anaweza kuinuka na neno alilolipata kwenye podikasti, na jirani yake akamuuliza, “Hilo umeliona au umelisikia?” Swali hilo halimnyamazishi mcheshi wala halimwondolei msikilizaji haki ya kucheka. Linamtaka tu aliyeazima maoni ayalinganishe na anayoyaona kijijini mwake kabla ya kwenda nayo kwenye debe la kura mwaka 2027.